Mchoro na Haki ya Ngozi

Mjadala kuhusu tatuu, yaani mchoro wa kudumu unaopatikana kwa kuingiza wino ndani ya ngozi kwa sindano, huendeshwa kana kwamba una swali moja tu, nalo ni kama jambo hilo linaruhusiwa au limekatazwa. Mhubiri wa Mbeya au Iringa hulijibu kwa kufungua Mambo ya Walawi 19:28, sheikh hulijibu kwa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ambayo inawalaani mchoraji na mwenye kuchorwa, na kijana aliyekwisha kuchorwa hujibu kwamba mwili ni wake. Majibu hayo yanapingana, lakini yana upungufu wa pamoja, kwa kuwa yanaizungumzia ngozi kama kiwanja kitupu kinachogombaniwa na wenye mamlaka, ilhali mtu anayeishika sindano anajua, hata kama hajawahi kulieleza kwa lugha ya falsafa, kwamba ngozi yenyewe ina kauli katika shauri hilo.

Kauli hiyo huanzia katika maumbile yake. Tabaka la juu la ngozi hujivua na kujijenga upya kwa muda unaokaribia mwezi mmoja, hivyo wino unaoishia humo hupukutika, na ule unaozamishwa kupita kiasi husambaa na kuuzungushia mstari ukungu wa buluu. Mahali pake ni tabaka la chini yake, kina cha milimita moja hadi mbili. Hata hapo haulali kama rangi ya ukutani, kwa sababu seli za kinga humeza chembe za wino kwa kuziona kuwa mvamizi, hufa zikiwa nazo, na seli nyingine huzimeza tena, kiasi kwamba mchoro unaoonekana kutulia ni matokeo ya ulinzi usiokoma. Juu ya wino kuna melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, na jicho huuona wino kupitia humo. Ndiyo maana katika ngozi nyeusi rangi za njano, waridi na nyeupe hufifia hadi zikafanana na doa la ugonjwa, ilhali nyeusi na buluu iliyokolea husimama. Mistari nayo hupanuka kadiri miaka inavyopita, na tundu dogo lililo ndani ya herufi "a" au "e" huziba kabisa.

Kutokana na hayo, mchoro unaofaa kwa ngozi ni ule uliopangwa na mtu aliyekubali masharti asiyoyaweka yeye. Mchoraji wa aina hiyo huacha nafasi pana kati ya mstari na mstari, huifanya ngozi isiyoguswa kuwa rangi mojawapo ya kazi yake, na hufuata mkunjo wa misuli, kwa kuwa mstari ulionyooka mkono ukiwa umelazwa mezani hupinda mara mkono unapogeuzwa. Hachori kiganjani mwa mtu anayeshika mpini wa jembe kila siku, kwa kuwa ngozi nene inayosuguliwa haihifadhi wino, na kwa mchuma chai wa Mufindi au Rungwe hukumbuka kwamba mikono iko wazi kwa jua la nyanda za juu, ambalo huchuja rangi haraka kuliko wengi wanavyodhani. Zaidi ya yote huuliza kuhusu makovu ya zamani. Keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha lenyewe, huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, hasa kifuani, mabegani na kwenye ndewe za masikio, na mchoraji asiyeuliza anafanya kosa la kimaadili kabla hajafanya la ufundi.

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zina desturi ya kutia alama mwilini iliyotangulia tatuu huko, nayo ni chale, yaani michanjo midogo inayokatwa kwa wembe na kupakwa dawa, mara nyingi majivu ya mizizi, ili imlinde au imponye aliyechanjwa. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walizikuta dawa zikiwa na nafasi kubwa katika matambiko na katika mamlaka ya machifu. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba chale haitegemei kuonekana. Ikififia au ikifichwa na sweta la baridi ya Julai, mwenye nayo haoni kwamba amepungukiwa, kwa kuwa dawa imekwisha kuingia. Nembo za Wamakonde, ambazo ni michanjo iliyosuguliwa masizi ikafanya maumbo ya pembe na mistari iliyovunjwavunjwa, zilitaka kinyume chake, yaani macho ya jamii inayojua kuzisoma. Tatuu ya leo haina dawa ya kuitegemea wala jamii ya kuisoma, hivyo huning'inia kwenye maelezo ya mwenyewe, na maelezo ya mtu wa miaka ishirini huzeeka upesi kuliko ngozi yake. (Wembe, kwa upande wake, una hesabu nyingine: katika mkoa wa Iringa, ambao utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulionyesha maambukizi ya VVU ya asilimia 15.7 kwa watu wazima, kuchanjana kwa wembe mmoja hakukuwa tena suala la mila peke yake.)

Aya ya Walawi, ikisomwa kwa ukamilifu, inafungamanisha kujichanja na kuomboleza wafu, na Biblia hiyo hiyo inazungumza bila karipio juu ya mtu atakayeuandika mkono wake kuwa wa Bwana, katika Isaya 44:5, na juu ya Paulo anayezichukua alama za Yesu mwilini, katika Wagalatia 6:17. Wakristo wa Kikopti wa Misri huchora msalaba kifundoni mwa mkono, na wanawake wengi wa Ethiopia wameuchora kwenye paji la uso, wala hawakuhesabiwa kuwa wameiacha imani. Hoja ya Kiislamu kuhusu kubadili maumbile aliyoyaweka Mungu ni nzito zaidi, kwa sababu inatofautisha hina inayotoka na wino usiotoka, na kwa hiyo inakiri kwamba kudumu ndiko kunakoleta tatizo. Hoja hiyo na kanuni ya mchoraji mwangalifu zinatoka shina moja: zote zinashikilia kwamba mwili umeyatangulia matakwa ya mwenye mwili.

Madai kwamba mwili ni mali ya mwenyewe hayasimami kirahisi. Kijana anayeyatoa ana begani kovu la chanjo ya kifua kikuu aliyopewa akiwa mchanga, bila kuulizwa, na halilalamikii. Jeshi la Polisi nalo, katika matangazo yake ya ajira, limekuwa likiwakataa wenye michoro mwilini, jambo linaloonyesha kwamba ngozi husomwa na watu ambao mwenyewe hakuwaalika. Mwingine asiyealikwa ni yeye mwenyewe akiwa na miaka hamsini, ambaye atalibeba jina la mpenzi lililochaguliwa na kijana asiyemjua.

Mipaka ya madai hayo huonekana wazi zaidi pale mtu anapotaka kuufuta mchoro. Mwanga wa leza, unaovunja chembe za wino, hunaswa pia na melanini, hivyo katika ngozi nyeusi unaweza kuacha mabaka meupe au meusi mahali pa mchoro. Mwongofu wa Rungwe au Kilolo akidaiwa afute tatuu kabla ya kubatizwa, anadaiwa kitu ambacho ngozi yake huenda isikitoe, na anadaiwa kwa jina la dini ambayo mafundisho yake ya msamaha hayakuwahi kusema kwamba kovu lazima litoweke. Njia inayobaki kwa kawaida ni kufunika, na ufundi wake ni mgumu: mchoro mpya hauna budi kuwa mkubwa na mweusi kuliko wa kwanza, na mchoraji hulazimika kuupanga kwa kuanzia kwenye mistari ile ile inayotakiwa isionekane.