Uzito Ulio wa Haki

Je, wema ni kulegeza mkono siku zote? Watu wengi hujibu upesi: Ndiyo, kwani mkono mzito huharibu, basi mkono mwepesi huokoa. Sisi twaona jibu hilo halijatimia. Tulipime kwa kitu kidogo, nacho ni gramofoni.

Gramofoni za zamani zilikuwa na sindano ya chuma, na uzito ulioilalia sahani ulipita gramu 100. Kwa hiyo sahani zilichakaa mapema. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani za plastiki zenye mifuo myembamba, zinazozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Sahani za namna hiyo ndizo zilizochukua sauti za waimbaji wa Kamina, katika Katanga, walioimba Missa Luba mwaka 1958. Sindano za siku hizi ni za almasi, na nyingi zataka uzito wa gramu 2 hivi tu.

Basi mwenye kuipenda sahani yake aweza kuwaza: «Ikiwa gramu 2 ni vema, nusu gramu ni vema zaidi, nitaihurumia.» Kumbe, anaiumiza! Sindano iliyo nyepesi mno haikai sawasawa ndani ya mfuo. Waimbaji wanapopaza sauti, mfuo wapindapinda kwa nguvu. Sindano yashindwa kuufuata, yarukaruka na kuzigonga kuta zake. Sauti yakwaruza, na jeraha la mfuo haliponi tena. Uzito ukizidi, sindano husaga, ukipungua, hugonga. Hasara ni ile ile.

Fundi mwenye akili hufanyaje? Kwanza huiweka gramofoni juu ya meza imara, isiyoinama. Halafu huzungusha kile kizito kilicho nyuma ya mkono, mpaka mkono uelee hewani, usipande wala usishuke. Hapo ndipo sifuri. Ndipo huongeza kadiri iliyoandikwa na waliotengeneza sindano. Hafuati huruma yake wala hasira yake. Hutazama kitu chenyewe chataka nini.

Vivyo hivyo kwa baba anayemwonya mtoto, na mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi. Anayefoka kila siku humsaga mtoto. Lakini naye asiyesema neno kamwe, kwa kuogopa kumwumiza, humwacha arukeruke, na kesho atagongana na watu wasiomhurumia.

Labda mtu atatuambia: «Mtoto si sahani; hakuna aliyeandika gramu zake.» Ni kweli, na kwa sababu hiyo kazi ya mzazi ni kubwa kuliko ya fundi. Hata hivyo, yako mambo mawili tuwezayo kuyashika. La kwanza, tuanzie penye sifuri: tusiongeze juu ya kosa la leo hasira ya jana, wala taabu tulizotoka nazo kazini. La pili, tusikilize. Sauti ikikwaruza, tusiseme mara moja kwamba sahani ni mbovu. Tuutazame kwanza mkono wetu.

Ndugu wasomaji, upole wa kweli si wepesi tu. Ni kujua kadiri, nayo haijulikani ila kwa kumjua vema yule tunayemgusa.