Starehe ya Jioni

Liko swali dogo ambalo watu wema hulikwepa, kwa kuwa laonekana halistahili kuulizwa: je, mtu aliyefanya kazi kutwa, akaketi jioni kando ya moto na kikombe chake mkononi, afanya jambo jema, au afanya jambo baya lililosamehewa tu? Wengi hujibu upesi kwamba huo ni udhaifu wa mwili, nao wavumiliwa mradi usizidi. Sisi twaona jibu hilo si sawa, tena lina madhara yake.

Mwambao wa Tanga wafaa kwa kulichungua swali hili, maana huko mioto ya jioni ni mingi. Wapo wavuvi wa dago, wengine kutoka Pemba, wanaopiga kambi ufukoni mbali na wake zao na watoto wao. Wakingoja maji yawe mazuri huwasha vifuu na makumbi ya nazi, hubanika samaki, hupitishiana kahawa chungu. Wengi wao ni Waislamu, wala hawagusi kileo. Huko Muheza na Pangani, mgema ashuka mnazini na kibuyu chake, na watu wamekwisha kuketi wakimngoja. Juu milimani, Lushoto, baridi ya mwezi wa Julai humsukuma mtu mpaka mekoni, na Wasambaa wana boha yao, pombe ya miwa. Na huko Ushongo, kusini ya mto Pangani, wageni wa mahoteli huwashiwa kuni mchangani na kumiminiwa wiski.

Vinywaji ni mbalimbali, lakini kinachotafutwa ni kimoja. Mgongo upumzike, miguu ipate joto, hadithi ya jana isimuliwe tena na kuongezwa chumvi, wala asiwepo anayeuliza saa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakuyadharau mambo haya. Alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili uchokavyo, nayo yahitaji burudani. Kwamba mtu asiyejua kufurahi, tena awazuiaye wenzake wasifurahi, ana kosa. Na kwamba anayejinyima divai kwa makusudi hata akaudhuru mwili wake hawezi kusema hana hatia. Mwalimu huyo huyo alihesabu ulevi wa makusudi kuwa dhambi ya mauti. Aliyasema yote mawili bila ya kuona haya.

Tukumbuke pia moto ule wa makaa ufukoni mwa ziwa Tiberia. Mitume walikuwa wamekesha majini bila kupata kitu. Bwana hakuanza kwa kuwauliza habari ya wajibu wao. Aliwakuta wamechoka, akawalisha samaki na mkate. Swali zito kwa Petro lilikuja baada ya kula.

Basi mbona twasema jibu la haraka lina madhara? Kwa sababu mtu aliyefundishwa kwamba starehe yote ni aibu, huitafuta kwa kujificha, na starehe ya kujificha haina kipimo. Hapa tembo la mnazi lina jambo la kutuonyesha. Mgema hukata karara, hutundika kibuyu, na maji yanayodondoka ni matamu kama ya muwa. Jua likipanda huanza kuchachuka yenyewe. Jioni yana kileo cha asilimia 4 au 5. Yakilala huwa makali, na baada ya hapo ni siki. Yapasa kunywewa leo, pamoja na watu waliopo leo. Hakuna awezaye kuyaficha chini ya kitanda hata mwisho wa mwezi.

Wiski si hivyo. Ni pombe iliyovukishwa, ya asilimia 40 au zaidi. Hukaa miaka katika mapipa, na chupani haiozi. Hesabu za serikali ya Uskoti za mwaka 1494 zataja kimea alichopewa mtawa mmoja, Bruda John Cor, atengeneze maji ya uzima, na jina lenyewe la wiski latokana na maneno ya Kigaeli yenye maana hiyo hiyo. Hatumlaumu Bruda. Lakini kitu kisichooza mtu aweza kukinywa peke yake, usiku wa manane, mlango umefungwa. Tena nchini mwetu chupa hii iliingia na ubaya mwingine. Chini ya utawala wa Waingereza Mwafrika alikatazwa wiski kwa miaka mingi, hata ikawa alama ya bwana mkubwa. Ndiyo sababu mpaka leo wako watu wanaoinunua waonekane nayo mezani, hali ulimi wao wapenda mnazi. Hiyo si starehe, ni cheo cha kununuliwa, tena kwa bei ya karo ya mtoto.

Hatusemi kwamba mnazi ni mtakatifu. Walevi wake twawajua. Katika kambi za mkonge, tangu zao hilo lilipoletwa Tanganyika na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, siku ya mshahara imemeza fedha nyingi za manamba waliokata majani mwezi mzima, na wake zao mbali wakingoja barua yenye fedha isiyofika. Lakini hata katika kikao kile kibaya walikuwapo watu wa kumshika mwenzao mkono, wakamwambia, ndugu, yatosha. Viroba vya plastiki, vilivyopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, viliuondoa hata mkono huo. Kijana alikitia mfukoni, akakinyonya kituoni hali amesimama. Hapakuwa na moto, wala kikao, wala mtu wa kumwuliza habari za nyumbani.

Kwa hiyo twapima kikao kwa mgeni asiyekunywa. Akija mvuvi wa Kigombe na kikombe chake cha kahawa, je, atapata nafasi ya kuketi, na maneno yatamngoja amalize hadithi yake? Akipata, moto huo ni mwema, ijapokuwa jirani yake anakunywa boha. Akichekwa, au akishurutishwa kuonja, basi waliopo wamekusanywa na pombe tu, nayo itawatawanya.

Liko jambo jingine ambalo wanaume hupenda kulisahau. Katika nyumba nyingi boha na tembo huuzwa na mama, naye hulipa ada na sare kwa fedha hizo. Hatuthubutu kumhukumu kutoka mezani petu. Yeye humimina, hukusanya vikombe, huhesabu sarafu. Wakati baba ananyosha miguu na kusema leo nimechoka, mama anachochea kuni chini ya mafiga, moshi machoni, ugali haujaiva, na mtoto mgongoni. Aliamka kabla ya baba. Yeye naye anao moto, tena wa kila jioni, lakini katika nyumba ngapi kipo kigoda kando yake kwa ajili ya kupumzika, na nani ambaye humpelekea chai hapo?