Kosa la Mkubwa na Kosa la Mnyonge katika Kodi

Baadhi ya ndugu zetu wenye maduka wametuuliza suala ambalo twaona lafaa kujibiwa kwa maandishi, kwa kuwa si wao peke yao walio nalo moyoni. Wasema: mwenye duka akikosea hesabu ya kodi, au akichelewa siku chache kuipeleka, hupigwa faini hapo hapo bila ya kuulizwa nia yake. Mwanasiasa akikosea, twasikia kwamba alisahau, kisha akalipa, na maneno yakaisha. Je, hawa wawili wako sawa mbele ya sheria? Na ikiwa hawako sawa, yule mnyonge ana wajibu gani tena wa kulipa?

Ni masuala mawili katika moja, na la pili ni zito kuliko la kwanza.

Kabla ya yote yapasa tujue kosa ni nini. Wanavyuoni wetu hutenganisha baina ya khata na amdi, yaani kosa la kuteleza na kosa la kukusudia. Mwenye kuteleza au kusahau hana dhambi mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini kuondolewa dhambi si kuondolewa dhamana. Mtu akivunja chombo cha jirani yake kwa kujikwaa, dhambi hana, na chombo atakilipa. Hata aliyeua kwa kukosea amewekewa diya na kafara katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, ingawa hakukusudia kumwaga damu. Basi katika kodi kuna mambo matatu yasiyofaa kuchanganywa. Iko kodi yenyewe, ambayo ni deni, wala udhuru hauiondoi. Iko ziada inayotozwa kwa kuchelewa (nayo kwetu sisi Waislamu ina mjadala wake wa riba, na hapa si mahali pake). Na iko adhabu, ambayo kati ya hayo matatu ndiyo peke yake yenye kufuata nia. Kwa hivyo anayesema, "Nilikosea, nami nimelipa," hajasema neno lolote juu ya adhabu, mpaka ijulikane alikosea kwa namna gani na ni nani aliyeipima nia yake.

Na ukitazama vizuri utaona kwamba upendeleo wote umejificha katika kupima huko. Kitendo ni kile kile; kwa huyu huitwa kusahau, na kwa yule huitwa kukwepa.

Twachukua mfano wa mbali, wa Marekani, kwa sababu mambo yake yameandikwa wazi na wenyewe hawayakanushi. Mwezi wa Januari 2009 Bwana Timothy Geithner aliteuliwa kuwa Waziri wa Fedha wa nchi hiyo, na idara ya kodi iko chini ya wizara hiyo. Ikadhihirika kwamba alipokuwa mtumishi wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) hakulipa kodi ya kujitegemea kwa miaka minne, 2001 hadi 2004, jumla yake zaidi ya dola 34,000. Shirika lile huwapa watumishi wake Wamarekani fedha za kuwasaidia kulipa kodi hiyo hiyo, na huwaarifu kwa maandishi kwamba ni juu yao kuilipa. Idara ya kodi ilimkagua mwaka 2006 ikamdai ya miaka miwili ya mwisho. Akalipa pamoja na ziada ya kuchelewa, na adhabu akasamehewa. Ile ya 2001 na 2002 muda wake wa kudaiwa ulikuwa umekwisha pita kisheria, naye hakuilipa ila mwishoni mwa 2008, alipokuwa akichunguzwa kwa ajili ya uwaziri. Alisema kwamba yalikuwa makosa ya kutojali, si ya kukusudia, akaomba radhi. Seneti ikamthibitisha kwa kura 60 dhidi ya 34.

Katika siku hizo hizo, Bwana Charles Rangel, mwenyekiti wa kamati ya Baraza la Wawakilishi inayotunga sheria za kodi, alikuwa amejulikana kwamba hakutangaza kodi ya pango aliyokuwa akipokea katika nyumba yake ya mapumziko huko Jamhuri ya Dominika. Miongoni mwa udhuru alioutoa ni kwamba wasimamizi wa kule husema Kispania. Mtu mwenye kutunga sheria za kodi za taifa kubwa kama lile ashindwe na lugha ya hesabu yake mwenyewe! Mbunge mmoja wa Texas, Bwana John Carter, akapeleka mswada kwamba mlipa kodi yeyote mwenye deni la nyuma aandike juu ya karatasi yake maneno "Kanuni ya Rangel," naye asitozwe adhabu wala ziada. Mswada haukupita, wala hatudhani aliyeupeleka alitaraji upite. Lakini ulisema kwa kejeli yale ambayo kila mwenye duka wa Marekani alikuwa akiyanong'ona.

Sasa, lazima tuwe waadilifu kwa hawa wakubwa pia. Sheria ya Marekani haisemi kwamba waziri asamehewe na muuza mboga atozwe. Yeyote mwenye sababu ya kuridhisha aweza kuomba asamehewe adhabu, na tangu 2001 idara ya kodi imekuwa na utaratibu wa kumsamehe aliyechelewa mara ya kwanza, ikiwa miaka mitatu iliyotangulia alikuwa safi. Mlango ni mmoja, na umeandikwa kwamba ni wa wote. Basi tazameni lililotokea: mwaka 2012 mkaguzi wa serikali yao wenyewe alitoa ripoti kwamba kwa kodi ya mwaka 2010 walikuwako watu takriban 250,000 waliotozwa adhabu ya kuchelewa kupeleka hesabu, na takriban milioni 1.2 waliotozwa adhabu ya kuchelewa kulipa, na wote hao walistahili kusamehewa lakini hawakusamehewa. Mkubwa ana wakili na mhasibu wa kumwambia mlango uko wapi na abishe namna gani. Mnyonge hupokea barua, akatetemeka, akalipa.

Hii kwetu ndiyo sura ya dhulma iliyo ngumu zaidi kuiona, kwa kuwa hakuna mtu mmoja wa kumnyoshea kidole. Hakimu hakula rushwa, na karani alifuata kanuni. Lakini rehema imegawanywa kwa kipimo cha elimu na fedha, na huo si uadilifu hata kama kila karatasi ina muhuri wake.

Hapa hutokea mtu akasema: wakubwa huadhibiwa kwa njia nyingine, nayo ni kali zaidi. Bwana Tom Daschle, aliyeteuliwa kuwa Waziri wa Afya wa Marekani, alijiondoa Februari 2009 kwa ajili ya kodi ya gari na dereva aliopewa na rafiki yake, ingawa alikuwa amekwisha ilipa. Rangel mwenyewe alisimamishwa mbele ya wenziwe Desemba 2010 na kukemewa rasmi kwa kura 333 dhidi ya 79. Na Uingereza, Septemba 2025, Bi Angela Rayner, Naibu Waziri Mkuu, alijiuzulu baada ya kujulikana kwamba alilipa pungufu pauni 40,000 katika kununua nyumba. Na mshauri wa maadili aliyemchunguza alisema kwamba alikuwa na nia njema, ila hakufuata nasaha ya kutafuta mtaalamu. Nani kati ya wauza maduka, wasema, amewahi kupoteza kazi yake kwa kosa la namna hiyo?

Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini yasimama juu ya fikira kwamba cheo ni mali ya mwenye nacho. Katika dini yetu cheo ni amana. Aliyenyang'anywa mali yake ameadhibiwa. Ama aliyetakiwa kuirudisha amana baada ya kuonekana hawezi kuichunga, hakupungukiwa na kitu kilichokuwa chake. Fedheha aliyoipata ni chungu, hapana shaka, lakini ni kipande cha mzigo alioupokea kwa khiari yake siku alipoomba kura.

Twaijua sote hadithi ya mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba. Kabila lake lilikuwa na heshima kwa Makureshi, wakamtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume (S.A.W.), amwombee. Mtume akakasirika, akawakumbusha kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mtukufu akiiba na kumhukumu dhaifu, kisha akaapa kwamba lau angekuwa ni Fatima binti yake hukumu ingekuwa ile ile. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na husomwa mimbarini kila mara. Lakini twaona husomwa kama mwisho wa habari, hali ya kuwa usawa ni ngazi ya kwanza tu. Katika Suratul-Ahzab, aya ya 30, wake wa Mtume waliambiwa kwamba atakayefanya uovu ulio wazi ataongezewa adhabu mara mbili. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar (R.A.), alipowakataza watu jambo, aliwakusanya jamaa zake akawaonya kwamba atakayelifanya katika wao atamzidishia adhabu kwa sababu ya nafasi yake kwake.

Hatusemi kwamba serikali ya leo imtoze mbunge faini maradufu. Sheria ya kodi iwe na kiwango kimoja kwa wote. Tunalolisema ni kwamba udhuru wa kutojua hupungua nguvu kila mtu anapokaribia mahali sheria inapotungwa. Mvuvi wa Lamu akisema hakujua, twamsadiki. Aliyekaa katika kamati ya fedha akisema hakujua, ana haki ya kusikilizwa, walakini ni yeye wa kuleta ushahidi.

Tukirudi kwetu Kenya, twakuta jambo la ajabu zaidi ya kosa. Kabla ya Katiba ya mwaka 2010, wabunge walitozwa kodi kwa mshahara wao wa asili tu. Marupurupu, ambayo ndiyo yaliyokuwa mengi, hayakutozwa. Hapo hapakuwa na kosa wala usahaulifu, kwani wenyewe ndio watungao sheria. Katiba, kifungu cha 210, ikaja kusema kwamba hapana sheria iwezayo kumtoa mtumishi wa dola katika kulipa kodi kwa ajili ya cheo chake au kazi yake. Mwaka 2011 mamlaka ya kodi ilipowadai, wengi walipinga kwa ukali. Wakati huo huo, mtu wa kawaida asiyepeleka hesabu zake za mwaka kwa siku iliyowekwa hutozwa shilingi 2,000, hata kama hana senti ya kodi anayodaiwa. Anayesoma Suratul-Mutaffifin, juu ya wale wapimao kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa, hahitaji tafsiri ndefu.

Twasifu panapostahili sifa. Msamaha uliotolewa kuanzia 1 Septemba 2023 hadi 30 Juni 2024, ambao kwao mtu akilipa kodi ya asili ya hadi mwisho wa 2022 aliondolewa adhabu na ziada, uliwekwa na sheria kwa kila mtu, bila ya kubembeleza ofisi yoyote. Ukarudiwa tena, ukaisha 30 Juni 2025. (Aliyelipa kwa wakati wake hakupata kitu, naye ana haki ya kunung'unika kidogo.)

Ama suala la pili la ndugu zetu: je, mnyonge azuie kodi yake kwa kuwa mkubwa ameponyoka? Jawabu letu ni hapana. Wako wanaosema kwamba kodi ya serikali ni maksi, na kuificha si dhambi. Lakini wanavyuoni wakubwa kama Ghazali na Shatibi waliruhusu kutozwa watu kodi pale hazina inapopungukiwa na mahitaji ya lazima, na sisi twatembea katika barabara na kutibiwa katika hospitali zinazoendeshwa kwa fedha hizo. Dhulma ya mwingine si hati ya kudhulumu. Tena anayeficha hujinyima ulimi: hawezi kusimama kudai haki naye ana daftari mbili dukani.

Na kabla hatujasimama mbele ya serikali, tutazame hesabu za misikiti yetu na wakfu zetu. Mwangalizi mwenye jina kubwa akichelewa kutoa hesabu husemwa ana shughuli nyingi. Kijana mchukua sanduku akipungukiwa na shilingi mia huitwa mwizi siku hiyo hiyo. Mtume (S.A.W.) alipomtuma mtu kukusanya zaka, naye akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa, alimuuliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa babake na mamake aone kama zawadi itamfuata. Suala hilo halikuhitaji mahakama.

Ama ndugu aliyepokea barua ya kudaiwa na ana yakini kwamba amekadiriwa kimakosa, asitetemeke na asinyamaze. Sheria yampa siku 30 tangu kupata taarifa hiyo kuandika pingamizi, aeleze sababu zake moja moja, aambatishe stakabadhi, na ile sehemu ya kodi asiyoipinga ailipe. Mamlaka ya kodi ina siku 60 za kumjibu. Zikipita bila ya jibu, pingamizi lake huhesabiwa limekubaliwa. Akijibiwa asiridhike, ana siku 30 nyingine za kupeleka shauri lake mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi. Wanaojua kuandika katika duara letu wako tayari kumsaidia baada ya Swala ya Isha, bila ya malipo, nasi twamwomba aje na barua yenyewe mapema, asingoje siku ya ishirini na tisa.