Mkato na Amana: Uhariri wa Filamu mbele ya Ushuhuda wa Mkimbizi

Swali la iwapo mtu anaweza kuyafupisha maneno ya mwenzake bila kumsingizia ni la zamani kuliko kamera, lakini mwanafunzi wa vyombo vya habari hukutana nalo mapema, pale anapokaa mbele ya kompyuta na mahojiano ya saa nzima yanayotakiwa kuwa filamu ya dakika tano. Katika wilaya ya Dowa nchini Malawi swali hili lina uzito wa pekee. Kambi ya Dzaleka, iliyoko kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, ilikuwa gereza katika utawala wa Kamuzu Banda kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na sasa imepita 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zinazowakutanisha. Wengi wa watu wazima humo wamekwisha kuyasimulia maisha yao mbele ya maofisa, nao wanajua kwamba neno likiandikwa vibaya katika faili, jawabu la ombi laweza kugeuka. Anayekubali kusimulia tena, safari hii mbele ya kamera ya mwanafunzi aliyelelewa kambini au aliyefika kutoka Madisi au Lilongwe, humkabidhi amana ya aina ileile.

Kuhariri, kwa maana inayohusika hapa, ni kuchagua vipande vya picha na sauti, kuvifupisha na kuviunga viwe mfululizo mmoja. Video hurekodiwa kwa fremu, yaani picha tuli zinazofuatana, mara nyingi 25 kwa sekunde, na mhariri aweza kuingia kati ya fremu moja na inayofuata akaondoa sentensi nzima. Uso wa msemaji, hata hivyo, humsaliti: kichwa kilichoinamia kulia kinaruka ghafla kushoto, mkono uliokuwa gotini unajikuta kidevuni, na mtazamaji anang'amua kwamba kuna kilichokatwa. Ndiyo sababu mwanafunzi hufundishwa tangu masomo ya mwanzo kupiga picha za kufunikia, yaani shoti fupi za vitu vinavyohusiana na mazungumzo, kama vile vidole vya msemaji, ndoo zilizopangwa foleni bombani, au mtoto anayepita na mzigo wa kuni, ili ziwekwe juu ya mkato huku sauti ikiendelea chini yake. Mtazamaji huziona ndoo, husikia maneno yakitiririka, wala hajui kwamba pale palikuwa na neno "lakini" pamoja na yote yaliyolifuata. Ufundi huu ni wa lazima, na hapo hasa ndipo dhamiri inapodaiwa, kwa kuwa kinachoifanya filamu itazamike ndicho kinachofuta alama za kilichoondolewa.

Mhakiki Mfaransa André Bazin, Mkatoliki aliyefariki mwaka 1958, alishikilia kwamba kuna matukio ambayo kuyakata ni kuyapotosha, akaipendelea shoti ndefu, yaani kuiacha kamera irekodi bila kusimama, ili uhalisi ujisemee. Kwa heshima zote anazostahili, jibu lake halitoshelezi, kwa sababu hata kamera isiyosimama imekwisha kukata: imeelekezwa huku na si kule, imewashwa baada ya machozi au kabla yake, na ukingo wa fremu umemwacha nje jirani aliyekuwa akitikisa kichwa kukanusha. Mkato haukwepeki, basi kinachotafutwa ni kanuni ya mkato wa haki.

Kanuni hiyo ilitafutwa kwa bidii na watu ambao hawakuwahi kuona filamu. Wanazuoni wa hadithi, yaani mapokezi ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad, walijadiliana iwapo mpokezi anaruhusiwa kusimulia sehemu ya hadithi na kuacha nyingine. Wapo waliokataza kabisa na wapo waliofungua mlango wote, na Ibn al-Salah wa Damascus, aliyefariki mwaka 1245, aliona kuwa jambo hilo linajuzu kwa mjuzi pekee, tena iwapo kinachoachwa hakifungamani na kinachobakizwa kiasi cha kuharibu maana. Mfano mmoja ni katazo la kuuza matunda mpaka yaanze kuonekana kufaa: aliyeondoa sharti hilo amekataza biashara yenyewe. Vivyo hivyo, aya ya 4 ya sura Al-Maun ikisomwa bila ya 5 inaonekana kuwalaani wanaosali, na Zaburi ya 14 ikinyofolewa maneno yake ya kwanza inamkana Mungu. Katika yote hayo hakuna neno lililobuniwa, na bado uongo umesemwa.

Kipimo cha mfungamano kinamfaa mhariri wa Dzaleka kuliko agizo la jumla la kutosema uongo, kwani kinamwambia aangalie wapi. Mama anayesema kwamba kambini kuna amani, kisha akaongeza kwamba amani hiyo ni ya mchana, amesema jambo moja, na mwenye kuchukua nusu amebeba lisilokuwa lake. Kuna pia mikato iliyo wajibu. Mwaka 2023, serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka, kibao cha duka kilichoonekana nyuma ya msemaji jijini Lilongwe kingeweza kumponza, na kukiacha kwa jina la uhalisi kungekuwa ukatili.

Lakini ni nani anayejua kwa yakini kipi kinafungamana na kipi? Ibn al-Salah alimtaja mjuzi, na katika habari za maisha ya mtu mjuzi wa kwanza ni mwenyewe, hata kama hajawahi kushika kamera. Kwa hiyo kumwonyesha msemaji filamu kabla haijatoka, kwa lugha aliyoizungumza na pamoja na tafsiri itakayopita chini ya picha, ni sehemu ya uhariri wenyewe, sawa na kusawazisha sauti. Na pale msemaji anapokuwa amehamishiwa nchi ya mbali asipatikane, kipande chenye shaka kinapaswa kubaki kizima, hata kama filamu itazidi urefu uliotakiwa na mwalimu.