Aliyebaki Wodini

Ebola ilipoingia Gulu, Uganda, mwaka 2000, Dkt. Matthew Lukwiya aliacha masomo Kampala akarudi Hospitali ya Lacor. Novemba, wauguzi waliochoka kuzika wenzao walitaka hospitali ifungwe. Aliketi nao, akawasikiliza, akawaambia kwamba hospitali ikifungwa, ataondoka Gulu asirudi tena. Wakarudi wodini.

Walimjua. Ndiye aliyeamshwa usiku kumkimbilia muuguzi aliyekuwa akitokwa damu. Akavaa gauni, barakoa na glavu, lakini hakuvaa miwani ya kinga. Akaambukizwa Ebola, akafariki tarehe 5 Desemba.

Naamini muuguzi anayejaliwa ndiye anayepata moyo wa kumjali mgonjwa. Wewe kiongozi wa zamu, leo umewauliza wauguzi wako kama wamekula?