UDUGU WA ASKARI NA AMANA YA USHAHIDI

Imeulizwa: Askari polisi Mwislamu aliyeko Marekani, je, yafaa aingie katika chama cha udugu wa askari wenziwe, akatoa ahadi ya kuwasaidia, wawe Waislamu au wasiwe? Na akiisha kuingia, ahadi hiyo yamfunga mpaka wapi?

Mas-ala haya hayajibiwi kwa neno moja. Kwanza hutazamwa chama, kisha hutazamwa ahadi.

Chama kikubwa cha namna hii huitwa Fraternal Order of Police. Kiliasisiwa mwaka 1915 katika mji wa Pittsburgh na askari wawili, Martin Toole na Delbert Nagle, pamoja na wenzao, jumla yao watu 23. Zama zile askari wa huko alifanya kazi saa 12 kwa siku, siku zote za mwaka, na mmoja peke yake hakuwa na nguvu ya kudai nafuu. Unyonge huo ndio uliowakusanya. Leo chama kina matawi zaidi ya 2,000 na wanachama zaidi ya 300,000. Mwenzao akiuawa kazini, mjane na mayatima hukumbukwa. Akishitakiwa, hutafutiwa wakili.

Katika hayo hapana baya. Qur'ani katika Suratul-Maida imeamrisha watu kusaidiana katika wema, ikakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Na Mtume (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alihudhuria mapatano ya Hilful-Fudhul nyumbani kwa Abdallah bin Jud-an, na baada ya Uislamu alieleza kuwa lau angeitwa kwa mapatano mfano wa yale, angeitika. Basi kuahidiana na asiye Mwislamu kwa jambo la haki si kuiacha dini.

Tena iko khabari inayowahusu Waislamu wenyewe. Katika mji wa Newark, jimbo la New Jersey, askari wawili Waislamu walikatazwa kufuga ndevu. Idara yao ilimruhusu mwenye maradhi ya ngozi asinyoe, lakini anayeziacha kwa ajili ya dini hakuruhusiwa. Wakashitaki, na tawi la 12 la chama hiki likashitaki pamoja nao. Mwaka 1999 mahkama ya rufani iliwapa haki yao: maadamu mgonjwa husamehewa, hapana hoja ya kumnyima mwenye dini. Udugu wa namna hii, ni nani atakayeulaumu?

Ama upande wa pili, ni huu. Tarehe 20 Oktoba 2014, katika mji wa Chicago, askari alimpiga risasi 16 kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, aliyekuwa ameshika kisu. Usiku ule ule msemaji wa chama aliwaambia watu wa magazeti kwamba kijana aliwarukia askari. Baada ya miezi 13, kwa amri ya mahkama, ikatolewa picha iliyopigwa kutoka katika gari la polisi, nayo ikamwonyesha kijana akienda kando, akiwaepuka. Mwaka 2018 askari yule alitiwa hatiani kwa kuua. Kabla ya hapo, aliposimamishwa bila mshahara, tawi la chama lilimpa kazi katika jengo lake.

Hapa ndipo penye kupambanua. Kumpa mshitakiwa kazi ili watoto wake wale, si dhambi. Watoto hawana kosa. Kumwekea wakili si dhambi. Kila mshitakiwa ana haki ya kusikilizwa. Lakini kumpa neno lisilohakikishwa, au kumfichia lililoonekana kwa macho, ni jambo jingine. Mkate ni mali ya mtoaji, naye ana hiari ya kuutoa. Ushahidi si mali yake. Ushahidi ni amana ya Mwenyezi Mungu na haki ya aliyedhulumiwa, na mtu haweki rehani kitu asichokimiliki. Suratun-Nisaa imeamrisha uadilifu hata juu ya nafsi, wazazi na jamaa. Basi ikiwa damu haiuvunji ushahidi, vipi nguo za kazi ziuvunje? Na hadithi ya kumsaidia ndugu, awe dhalimu au madhulumu, imekuja na tafsiri yake: dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa asidhulumu.

Atasema msemaji: Askari huingia gizani na mwenziwe, na uhai wake u mkononi mwake. Akimshuhudia leo, kesho akiita huenda asiitikiwe. Hoja hii si ndogo, wala aliyelala salama nyumbani kwake asiidharau. Lakini udugu unaomwacha msema kweli afe si udugu, ni kutishana. Na uwongo wa mmoja huwapata wote: raia aliyekwisha kudanganywa hamfungulii askari mlango, wala hamwambii alilolishuhudia, na mwenye kudhurika ni askari mwema aliyeko barabarani.

Mizani ya mas-ala haya imo katika sababu ya Hilful-Fudhul. Mgeni kutoka Zabid, nchi ya Yemen, alimwuzia bidhaa Al-As bin Wail, mkubwa katika Makureshi, akanyimwa thamani yake. Wale mabwana hawakukusanyika kumfichia Mkureshi mwenzao. Waliapa kusimama na mgeni mpaka arudishiwe haki yake.

Basi jawabu ni kuwa yafaa kuingia, kwa sharti. Na atoe mchango wake, asindikize jeneza la mwenziwe, asimame na aliyeonewa. Lakini siku ya kwanza awaambie waziwazi: "Mali yangu na jasho langu mnalo, ulimi wangu mbele ya hakimu hamnao." Sharti lililobainishwa mapema halihesabiwi khiyana baadaye. Wakimkubali kwa sharti hilo, amepata ndugu. Wakimkataa, amekwisha kujua walilokuwa wakilitaka kwake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.