Mke Aliyepasuliwa Amezaa



Huku kwetu Kisii na Nyamira, wapo akina mama wanaotoka hospitali na mtoto mzima mikononi, kisha wakifika nyumbani wanaambiwa: "Wewe hukuzaa, ulipasuliwa tu." Neno hilo huchoma kuliko mshono.

Mapokeo yasema kuwa Mtakatifu Raymond Nonnatus, wa Hispania ya karne ya 13, alitolewa tumboni baada ya mama yake kufariki. "Nonnatus" maana yake ni "asiyezaliwa". Hata hivyo ndiye mwombezi wa wajawazito, na sikukuu yake ni tarehe 31 Agosti. Mama yake hakupona. Mkeo amepona, je, humshukuru Mungu?

Basi wewe mume, daktari akisema upasuaji unahitajika, usimcheleweshe mkeo ukingoja kikao cha ukoo. Akirudi nyumbani, mtekee maji. Kwa majuma sita asichume majani chai wala asinyanyue mkungu wa ndizi. Acheni ipite angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine, mkijizuia kwa upendo kwa njia za asili zinazofundishwa na Kanisa, kwa maana kovu lahitaji muda. Na uzazi ujao uwe katika hospitali yenye chumba cha upasuaji, siyo nyumbani.

Siku ya arusi mliahidiana uaminifu katika taabu na raha. Kidonda hicho ni chenu nyote wawili. Mwambie leo: "Asante, mama, umenizalia."